Shajara ya mradi: jengo kuukuu la Iringa kuwa nyumba sita za familia

Juni, wiki ya kwanza

Tumekabidhiwa funguo. Jengo lipo katikati ya mji wa Iringa, mwendo mfupi kutoka Soko Kuu. Ni la ghorofa moja. Mbele kuna fremu tatu za duka zenye milango ya mbao ya kukunja, juu vyumba vinane na roshani inayotazama barabarani, na nyuma ua wenye jiko la zamani, choo cha nje na mparachichi mkubwa. Kwa anayepita ni gofu tu: bati limeota kutu, lipu ya mbele imebanduka, mlango wa fremu ya kati umepigiliwa mabanzi.

Halijakaliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Si kwamba lilikuwa bovu, bali warithi wanne hawakusikilizana. Wawili walitaka liuzwe, mmoja alitaka libomolewe lisimamishwe jengo jipya la vioo, na dada yao mkubwa alisema nyumba ya baba haiangushwi yeye akiwa hai. Shauri la mirathi lilipomalizika, walichokubaliana ndicho tunachokijenga: nyumba nne juu, nyumba mbili chini kwa nyuma kwenye yale maghala ya zamani, na fremu za mbele zibaki fremu.

Mimi ndiye mbunifu na msimamizi. Naandika ili ndugu wote wanne, walioko Dar es Salaam, Mbeya na hapa hapa mjini, wafuatilie kazi pamoja, na pia kwa yeyote Njombe, Songea au Tukuyu aliyerithi nyumba ya namna hii na ameshaanza kuulizia bei ya kubomoa.

Juni, wiki ya pili

Makaratasi. Nyumba nyingi za wafanyabiashara wa zamani katika miji yetu zina historia ya mwaka 1971, pale serikali ilipochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaondolewa na mali zake zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo hili halikuguswa, maana aliyelijenga alikuwa akiishi humo mwenyewe na familia yake. Baadaye akaliuza kwa baba wa hawa ndugu. Mnyororo wa umiliki ni mfupi na umekamilika, na tunashukuru.

Kilichowapatanisha ndugu kwa kweli ni Sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Kabla ya hapo, hati moja kwa watu wanne maana yake ni ugomvi usiokwisha: mmoja akitaka kukopa benki, wote watie saini, na mmoja akinuna, wote wamekwama. Kwa utaratibu huu kila mmoja atakuwa na hati ya nyumba yake moja ya juu. Ngazi, paa, ua, msingi na kuta za nje zitakuwa mali ya pamoja chini ya umoja wa wamiliki, na kila sehemu itachangia matunzo. Nimewaambia mapema kwamba mchango huo wa kila mwezi uanze siku ya kwanza watu wanapohamia, si siku paa litakapovuja.

Juni, wiki ya nne

Tumelipima jengo lote kwa futi, kamba na timazi, ule uzito wa kamba unaoonyesha kama ukuta umesimama wima. Msingi ni wa mawe magumu ya hapa hapa Iringa, na haujatitia popote. Kuta za chini ni mawe hadi usawa wa madirisha, kisha tofali mbichi, unene sentimita 60. Juu ni tofali za kuchoma. Zote zimejengwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Ukuta wa nyuma umetoka nje ya timazi kwa sentimita 4 katika kimo cha mita 3.5. Mhandisi ameagiza ushikwe kwa vyuma viwili vitakavyopita kwenye sakafu ya juu na kufungwa kwa sahani za chuma pande zote mbili. Hakuna sababu ya kuuvunja.

Yule ndugu aliyetaka vioo alikuja kutoka Dar. Tukaenda naye kwenye Boma, lile jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Alizunguka, akatazama unene wa kuta, akakubali kwamba ndani kuna utulivu. Kisha akaniambia, "Injinia, hapa walikuwa na wafadhili. Sisi mfadhili wetu ni mfuko wa kila mmoja." Ni hoja ya haki na nimeichukua hivyo. Nilichomjibu ni kwamba sisi hatununui msingi, hatununui kuta, na mninga ulioko kwenye paa letu leo hata ukitaka kuununua kwa urefu ule utahangaika kuupata. Fedha zetu zitakwenda kwenye maji, choo, umeme, paa na lipu. Aliomba nimwandikie jedwali la makadirio upya kwa mpangilio huo. Nimemtumia.

Julai, wiki ya pili

Leo ndiyo siku niliyoiona nyumba hii ikieleza ugonjwa wake.

Ukuta wa chini upande wa ua umepigwa lipu ya simenti hadi kimo cha kifua. Majirani wanakumbuka ni kazi ya miaka ya themanini. Juu ya hiyo lipu rangi imefura na kuchubuka, na kuna mstari mweupe wa chumvi unaofuata ukuta wote. Fundi mkuu wetu ni mzee wa Kalenga, vijana wanamwita Babu. Alichukua tindo na nyundo, akagonga polepole akisikiliza. Mahali pengine paliitika kwa uzito, pengine sauti ilikuwa ya uwazi. Alipopata uwazi akachomeka tindo, akakandamiza, na kipande kikubwa kama ubao wa mlango kikashuka kizima kizima.

Nyuma yake tofali zilikuwa nyeusi. Babu akabonyeza moja kwa kidole, kidole kikazama hadi kiungo cha kwanza. Akanivuta mkono nami nibonyeze.

Kijana mmoja saidia fundi akauliza, "Babu, mvua si imekwisha tangu Aprili? Haya maji yametoka wapi?"

"Yametoka chini, mwanangu. Yamepanda, yakakosa pa kutokea."

Ndivyo ilivyo. Nyumba za zamani hazina karatasi ya nailoni chini ya ukuta kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda kidogo kidogo kupitia mawe na udongo, na aliyejenga alilijua hilo. Ndiyo maana alipaka chokaa, ambayo ina vitundu vidogo sana vinavyoruhusu mvuke utoke. Ukuta ulikuwa ukilowa kidogo na kukauka kidogo, miaka nenda miaka rudi. Ulipofunikwa kwa simenti, mvuke ulizuiwa, maji yakapanda juu zaidi kutafuta njia, na tofali mbichi zikaanza kurudi kuwa tope mahali zilipo. Aliyepiga simenti alidhani anaufunika unyevu. Aliufungia ndani.

Uamuzi: simenti yote ya chini inatolewa, ndani na nje, na ukuta unaachwa wazi ukauke kwa upepo huu wa kipupwe. Hakuna mashine ya kukausha itakayoushinda upepo wa Julai wa Iringa. Pembeni ya ukuta tunachimba mfereji wa kokoto ili maji ya uani yasikae mguuni pake.

Julai, wiki ya nne

Ujumbe wa simu kutoka Dar, kwenye kundi la ndugu: "Chokaa ya nini karne hii, Injinia? Si simenti ipo kila duka?" Nikamtumia picha ya kidole cha Babu ndani ya tofali. Dada mkubwa akajibu kabla yangu kwenye kundi lao: "Mwacheni mtaalamu afanye kazi yake." Hoja ikaishia hapo.

Chokaa ya mawe imefika kutoka Songwe. Tumechimba shimo uani, tukalijengea kwa tofali, tukajaza maji, ndipo mawe yakatiwa kidogo kidogo. Yakigusa maji yanachemka kwelikweli, yanapasuka na kutoa mvuke mkali, kwa hiyo hakuna aliyesogea bila miwani, glavu na buti, na watoto wa jirani tuliwafungia geti. Baada ya kuzima, chokaa inabaki chini ya maji kwa wiki kadhaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika vizuri. Kipimo cha lipu ni chokaa sehemu moja kwa mchanga wa mtoni uliochekechwa sehemu tatu.

Vijana waliozoea simenti wanapata shida na kasi yake. Simenti ukipiga asubuhi, kesho imeshashika. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa, polepole, na upepo mkavu ukiikausha mapema inapasuka. Itabidi kila ukuta ufunikwe magunia mabichi na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Nimeweka kibarua mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Agosti, wiki ya pili

Paa. Kenchi za mninga, zile mbao zinazobeba paa, ni nzima isipokuwa kwenye ncha zilizolala ukutani, pale gata zilipokatika na maji kumiminika miaka yote. Tunakata sehemu iliyooza na kuunga kwa mbao mbili za pembeni na bolti za kupenya. Kwa mbao mpya tumechagua paini ya Mafinga iliyotiwa dawa ya mchwa. Shehena ya kwanza tulirudisha: dawa ilikuwa imepakwa kwa nje tu, ukikata ndani mbao ni nyeupe. Kuanzia sasa tunakata kipande mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Bati jipya ni la geji 28, na gata pana kuliko zile za zamani. Nimeongeza bajeti ya gata na kupunguza ya dari. Ukuta wa udongo wenye paa zuri na gata nzima unaishi kuliko sisi.

Agosti, wiki ya nne

Sakafu ya juu ni mbao juu ya boriti. Nyumba moja ikiwa na ukoo mmoja, hatua za mtoto juu ya kichwa chako ni za mwanao. Zikiwa familia sita zisizojuana, ni kero ya kila siku. Njia rahisi na ya zamani ni kuweka mchanga mkavu katikati ya boriti, juu ya mbao zilizopigiliwa kwa chini, ili uzito wake umeze kelele. Nilipendekeza sentimita 5. Mhandisi akapiga hesabu: mchanga ni karibu kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo sentimita 5 ni kilo 80 kwa kila mita ya mraba, juu ya boriti ambazo tayari zitabeba kuta mpya za kugawa vyumba. Akakubali sentimita 3, sawa na kilo 48, na boriti mbili zaidi chini ya kila jiko. Tumejaribu kwenye chumba kimoja. Kijana akatembea juu kwa buti, sisi chini tukaendelea kuzungumza kwa sauti ya kawaida.

Kuta za kugawa vyumba juu ni za fremu ya mbao na bodi ya jipsamu, si tofali. Uzito tena.

Septemba, wiki ya kwanza

Hili la moshi nimelifikiria kuliko jambo lingine lolote katika michoro.

Iringa ni baridi, na Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa ndani wapate joto, wakafunga madirisha, wakalala. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu ambao hawakuamka. Tukigawa vyumba vikubwa vya zamani kuwa vidogo, tukaweka madirisha mapya ya alumini yanayobana vizuri, tutakuwa tumejenga mitego.

Waliojenga waliacha matundu ya hewa juu karibu na dari, mawili kila chumba, upande wa barabara na upande wa ua. Wapangaji wa baadaye waliyaziba, mengine kwa magazeti, mengine kwa zege, kwa sababu ya ubaridi. Tumeyafungua yote. Yatawekewa wavu wa mbu na kigae kilichoinama, hewa ipite na upepo usimpige mtu kitandani, na hayatakuwa na kifuniko cha kufunga. Majiko yote tumeyapanga upande wa ua, kila moja na dirisha lake na bomba la moshi linalotoka juu ya paa. Nimeandika kwenye rasimu ya mkataba wa upangaji kwamba jiko la mkaa halilali chumbani. Mwenyekiti wa mtaa ameomba nakala ya kipengele hicho akakisome kwenye mkutano.

Septemba, wiki ya tatu

Kibali cha ujenzi kimetoka manispaa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walikagua michoro wakataka njia ya pili ya kutokea, kwa kuwa ngazi iliyopo ni ya mbao na ni moja tu. Wana haki kabisa. Tunaweka ngazi ya chuma upande wa ua, ikishuka mbali na majiko, na mlango wake utafunguka kwa nje bila ufunguo.

Jengo halimo kwenye orodha ya yaliyotangazwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hivyo hakuna aliyetulazimisha kuhifadhi uso wake. Tunauhifadhi kwa hiari: milango ya kukunja, roshani, na nakshi ya mbao kwenye ukingo wa paa. Seremala amekuta vipande kumi na vinne vya nakshi vilivyo hai, amechonga vilivyopungua kwa kufuata kimoja wapo.

Oktoba, wiki ya pili

Mabomba. Kanuni niliyompa fundi bomba ni moja: hakuna bomba la maji litakalochimbiwa ndani ya ukuta wa udongo. Kwenye ukuta wa zege bomba likivuja utaona doa. Kwenye tofali mbichi utaona doa siku ukuta unaposhuka. Kwa hiyo vyoo na majiko yamepangwa juu na chini kwa mstari mmoja, na mabomba yote yanapita nje, nyuma, ndani ya kasha la mbao linalofunguka. Fundi hakupenda mwanzoni, alisema mabomba ya nje ni ya nyumba za maskini. Alipoona kwamba anaweza kukagua kila kiungo bila kushika tindo, amenyamaza na kazi inakwenda.

Tangi la lita 5,000 lilikuwa limechorwa juu ya paa na mtu aliyetutangulia. Maji hayo ni tani 5. Tumelishusha, linajengewa mnara wake wa nondo na zege uani, na pampu ndogo inapandisha maji juu. Kila nyumba ina mita yake ya maji na mita yake ya umeme ya LUKU. Mita ya pamoja ni chanzo cha ugomvi ambao hakuna hati itakayouzuia.

Mparachichi umebaki. Mchoro wa chemba umepinda kidogo kuukwepa mzizi, na dada mkubwa amelipia urefu wa bomba ulioongezeka kwa fedha yake.

Novemba, wiki ya kwanza

Nyumba za juu zimefika lipu ya mwisho. Chini tumepiga tabaka la kwanza la chokaa kwenye kuta zilizokauka, na tumeacha wazi mita chache za ukuta wa ua ambazo bado zina weusi. Babu hupita kila asubuhi akiziwekea kiganja.

Kikao cha ndugu kilifanyika humu humu ndani, wamekaa kwenye mirunda ya jukwaa. Dada mkubwa hawezi tena kupanda ngazi, akaomba abadilishe nyumba yake ya juu na moja ya chini. Wadogo zake wakakubali bila majadiliano, na yule wa vioo ndiye aliyesema mlango wake upanuliwe endapo siku moja atahitaji kiti cha magurudumu. Tumeupanua hadi sentimita 95, na renta mpya, boriti ya juu ya mlango, imewekwa. Kuhusu kodi walivutana. Wawili walitaka bei ya wanafunzi wa vyuo, kitanda kwa kitanda, maana fedha yake ni kubwa. Nikawaonyesha hesabu ya maji, vyoo na uzito wa sakafu: nyumba hizi zimekokotolewa kwa familia, si kwa mabweni. Wameandika hivyo kwenye kanuni za umoja wa wamiliki.

Novemba, wiki ya nne

Mvua ya kwanza imenyesha usiku. Asubuhi tumekagua paa kwa tochi, kenchi kwa kenchi: kavu. Gata zimebeba, mfereji wa kokoto umemeza, ua haukutuama maji. Ukuta wa nyuma, pale vyuma vilipofungwa, haujasogea tangu tulipouwekea alama.

Zile mita chache za ukuta wa ua bado hazijakauka, na sasa hazitakauka haraka. Lipu ya mwisho ya chini itasubiri. Muuguzi wa hospitali ya mkoa, mama wa watoto watatu, ameshakuja kuulizia nyumba. Za juu nimemwambia Januari. Za chini nimekataa kumtajia mwezi, na dada mkubwa, ambaye mojawapo ni yake, amesema atangoja.